Shahidi Aliyetoka kwa Sungura

Mshtuko wa kwanza wa siku ile ulimpata Profesa, tena kabla hajamaliza kufunga vifungo vya koti lake jeupe. Alisukuma mlango wa maabara kwa bega kama alivyozoea, akamkuta Inspekta amesimama katikati ya chumba, mkoba kwapani, anaangalia vichupa vya rafuni kama mtu aliyekuja kuchagua vikombe dukani. Hilo lisingemtisha. Kilichomtisha ni mwanamke aliyesimama nyuma ya Inspekta, gauni limekunjamana, nywele hazijachanwa, mikono imefungwa pingu.

"Huyu anafanya nini humu?"

"Habari za asubuhi, Profesa," alisema Inspekta.

"Nimeuliza, huyu anafanya nini humu?"

"Nasi hatujambo, tunashukuru," alijibu Koplo kutoka mlangoni.

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye miwani inayoteleza puani. Kituoni walimbandika jina la Taratibu. Chai yake hupoa akiitazama, na faili likitua mezani kwake hukaa mpaka wenzake waanze kuliombea dua. Lakini likiondoka pale, halirudi tena.

"Nimekuja naye afanye kazi," alisema. "Kile kipimo mnachosema alikiharibu, nataka akirudie mbele yangu, mwanzo mpaka mwisho. Koplo, mfungue. Mtu hashiki vichupa na pingu mikononi."

"Afande, kesho huyu anasimama mbele ya hakimu! Chupa nilikupa, picha nilikupa. Unataka nini tena?"

"Nataka kuelewa tu. Mimi kichwa changu kizito kidogo."

Mwanamke aliyefunguliwa pingu alikuwa fundi wa maabara ile, na wote walimwita Fundi. Alikuwa pia mdogo wa mke wa Profesa, tumbo moja. Alisugua vifundo vya mikono yake, akaenda moja kwa moja kwenye sinki, akanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, kisha akavuta glavu mbili kutoka kwenye boksi. Inspekta alimtazama akivaa glavu zile. Mtu mwenye mikono inayotetemeka hivyo, alijisemea, lakini glavu zimeingia bila kukosea kidole.

Kesi yenyewe ilimchukua Inspekta siku kadhaa kuielewa, maana kila aliyemweleza alianzia katikati. Ndani ya seli za mwili wa binadamu kuna protini moja ambayo watu wa maabara ile waliipa jina la Mkwanguzi. Kazi yake ni kuondoa sumu ya oksijeni, kama mtu anayekwangua kutu kwenye sufuria. Hukwangua, hujichafua mwenyewe, husafishwa na protini mwenzake, kisha hurudi kazini. Profesa alisema kwamba kwenye uvimbe wa saratani Mkwanguzi huzidi na kuukinga uvimbe usife. Basi akatengeneza dawa ya kumpunguza.

Lakini Mkwanguzi haonekani kwa macho. Ili kumwona unahitaji kingamwili, kitu kinachotoka katika damu ya mnyama, chenye tabia ya kung'ang'ania protini moja na kuziacha nyingine zote. Seli husagwa, protini zake hutandazwa kwenye utando mweupe, kingamwili humwagiwa juu. Ikimkuta Mkwanguzi, inamkamata, na kwenye picha panatokea mstari mweusi. Mstari mnene, Mkwanguzi kajaa. Mstari mwembamba, kapungua.

Kingamwili ya Profesa ilitoka kwa sungura aliyemlea mwenyewe, na watu walikuwa wakiomba tone lake kutoka kila upande. Kwa miaka ilionyesha jambo moja: ukitia dawa, mstari unapungua. Wagonjwa walikuwa wameshaanza kujiandikisha kuijaribu. Kisha chupa ikakaribia kwisha. Profesa akiwa safarini, Fundi akafungua chupa mpya ya kiwandani. Mstari ukatoka vizuri, ila dawa iwepo isiwepo, ulikuwa ule ule. Fundi aliiweka picha ile ukutani, kila mtu akaiona. Profesa aliporudi aliitazama, akaenda polisi siku hiyo hiyo. Alisema Fundi ameimwaga kingamwili mpya na kujaza uchafu unaonata kila mahali, kwa kinyongo cha kunyimwa cheo. Kuharibu kwa makusudi utafiti wa dawa ya wagonjwa: Fundi alikuwa anatazamiwa kufungwa, na hakuna aliyemwonea huruma.

"Tuanze na jokofu," alisema Inspekta.

Jokofu la baridi kali lilikuwa kwenye korido, refu kama kabati la nguo. Koplo, aliyekuwa na haraka zote ambazo bosi wake hakuwa nazo, alipiga magoti nyuma yake na mara akapiga kelele.

"Afande! Hii hapa! Waya umeungua, ona, mweusi tii. Umeme ulikatika, kingamwili ikaoza. Kesi imekwisha, twende tukanywe chai."

Inspekta aliinama kwa shida, akautazama waya, akainuka. Alifungua mlango wa jokofu, moshi wa baridi ukaifunika miwani yake.

"Chupa mpya ilikaa rafu gani?"

"Hii," alisema Fundi. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Na hivi vichupa vingine vya rafu hii, Profesa, vinafanya kazi?"

"Vyote. Tunavitumia kila siku."

"Basi umeme hauchagui wa kumwozesha. Usimimine chai bado, Koplo."

Koplo aliuachia waya kama mtu aliyeokota kito akakuta ni kipande cha kioo.

Walirudi ndani. Inspekta alivuta stuli, akakaa, akamwashiria Fundi akae mbele yake. Profesa alibaki amesimama karibu na dirisha, mikono mifukoni.

"Chupa mpya uliifungua wewe?"

"Mimi."

"Nani aliona?"

"Hakuna. Sikujua kama kufungua chupa kunahitaji shahidi."

"Ulinyimwa cheo?"

"Nilinyimwa."

"Ukakasirika?"

"Nilikasirika mpaka nikalia. Nilimwambia shemeji usoni kwamba ameniona mdogo wa mkewe tu, hajaniona mtu wa kazi."

"Umesikia, Afande?" alisema Profesa. "Anakiri."

"Amekiri hasira. Hasira hata mimi ninayo, ya viatu hivi." Inspekta alimgeukia tena Fundi. "Na hukumwaga?"

"Ningetaka kumkomesha shemeji, ningemwaga ile ya zamani, ya sungura, anayoipenda kama mboni ya jicho. Hii mpya alikuwa hajui hata kama imefika."

Inspekta alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa.

"Sikilizeni, niwaulize kitu cha kikwetu, cha polisi. Tukimpata shahidi aliyemwona mwizi, tunapanga watu kwa safu, yeye anaonyesha kidole. Lakini shahidi mwingine ana kiherehere. Ukimpangia watu, lazima aonyeshe mmoja. Kwa hiyo siku moja moja tunapanga safu ambayo mwizi hayumo kabisa. Shahidi wa kweli husema, hayumo hapa. Yule mwingine hunyoosha kidole vile vile. Sasa hizi kingamwili zenu ndizo mashahidi wenu. Mmeshawahi kuzipangia safu ambayo Mkwanguzi hayumo?"

Mashine moja ya kona ilikuwa ikitikisa vichupa vyake, tiki, tiki, tiki.

"Hapana," alisema Fundi polepole. Alionekana kama mtu anayehesabu vyumba vya nyumba yake akagundua kimoja hajawahi kukifungua. "Siku zote tuliweka seli zenye Mkwanguzi mwingi na zenye Mkwanguzi kidogo. Mwingi na kidogo. Hatukuwahi kuweka zisizo naye."

"Kwa sababu hatuna," Profesa alidakia. "Seli zisizo na Mkwanguzi hatuna, wala hatujawahi kuwa nazo. Ni kazi ngumu kuzitengeneza."

"Mama Seli anazo," alisema Fundi. "Ghorofa ya juu. Amemfuta Mkwanguzi ndani ya seli zake, tangu kwenye jeni, mbegu yake."

Mama Seli alikuwa daktari wa maabara ya juu, mwanamke wa sauti ya kuitia watoto mtaa wa tatu, aliyepewa jina hilo kwa jinsi anavyozilea seli zake akizisemesha. Koplo alitumwa kumwita na seli zake, na Mama Seli alisikika akija kabla hajaonekana. Alibeba ndoo ndogo ya barafu, vichupa viwili vimechomekwa ndani.

"Hizi hapa, zimeshasagwa tayari. Hiki ni cha seli za kawaida. Hiki Mkwanguzi hayumo, hata ukimtafuta kwa tochi." Alimwona Fundi, akaweka ndoo chini. "Mwanangu! Umekonda hivi? Kule hawakupi chakula?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Pole. Pole sana." Alimgeukia Profesa, akamtazama juu mpaka chini, akashika ndoo yake tena.

Inspekta aliwatoa wote koridoni isipokuwa Mama Seli, akamwambia apime kingamwili ya sungura kwenye kichupa kimoja, na ile mpya ya kiwandani, chupa aliyoitoa mkobani mwake, kwenye kingine. Kisha akamtoa na yeye. Akiwa peke yake, alichora nyota kwenye kichupa kimoja na duara kwenye kingine, akaandika kwenye kipande cha karatasi ipi ni ipi, akakitia kwenye bahasha, akailamba gundi, akawaita warudi, akaikalia.

"Afande, unaikalia?" aliuliza Koplo.

"Unajua sanduku la chuma lililo zito kuliko mimi?"

Kazi ikaanza. Inspekta hakuondoka kwenye stuli yake hata chakula cha mchana kilipopita. Alimwona Fundi akitia matone kwenye jeli laini kama ute, upande huu seli za kawaida, upande huu seli zisizo na Mkwanguzi. Alimwona akiwasha umeme, protini zikashuka zikijipanga, nyepesi mbele, nzito nyuma. Alimwona akizihamishia kwenye utando, akiumwagia rangi nyekundu, na michirizi ikatokea pande zote mbili sawasawa.

"Hii ya nini?"

"Ya kuhakikisha sikuibia upande mmoja, Afande. Mzigo ni sawa kulia na kushoto."

Rangi ikaoshwa. Utando ukakatwa vipande viwili, kila kimoja kikiwa na seli za aina zote mbili. Kimoja kikanyweshwa kingamwili ya nyota, kingine ya duara. Kukawa na kusubiri, na kuosha, na kusubiri tena. Koplo alisinzia akaamka. Mama Seli alisimulia habari ya goti lake. Profesa alitoka akarudi, akatoka akarudi, na kila aliporudi aliuliza kitu kile kile: "Bado?"

Alasiri Fundi alibeba vipande vyote viwili kwa koleo, akaviingiza kwenye mashine ya picha, akafunga mlango wake. Wakasogea kwenye skrini, vichwa vimegusana. Kwanza kulikuwa na kijivu kitupu. Kisha, kama doa linaloenea kwenye nguo, mistari ikaanza kujitokeza.

Kipande cha duara kilikuwa na mstari mmoja, upande wa seli za kawaida. Upande wa pili ulikuwa mweupe, safi, hauna hata kivuli.

Kipande cha nyota kilikuwa na mistari miwili, minene, inayolingana. Mmoja ulikuwa pale ambapo Mkwanguzi hayumo.

Mama Seli alijipiga kifua. "Ala! Hii ya nyota imekamata nini? Hapa hakuna kitu! Mimi ndiye niliyekiondoa kwa mikono yangu!"

"Basi ndiyo iliyoharibiwa," alisema Koplo, macho yamemtoka. "Kama Profesa alivyosema. Inanata kila mahali."

Fundi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga meza. Maneno yote ya mashtaka yake yalikuwa pale kwenye skrini, yameandikwa kwa mistari miwili myeusi, tena kwa mkono wake mwenyewe.

"Sikuigusa," alinong'ona. "Wallahi sikuigusa. Mama, mimi sikuitia kitu."

"Ndio hivyo tena, mwanangu," alisema Mama Seli, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Profesa, kesi yako umeshinda."

Wote wakamgeukia Profesa, ila Inspekta alikuwa amemgeukia tangu zamani. Wenzake walipokuwa wanakodolea skrini, yeye alimkodolea Profesa. Profesa hakuitazama picha. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyuma, ukutani, anafungua vifungo vya koti lake jeupe, kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyefika mwisho wa kazi yake.

"Profesa," alisema Inspekta, "mbona huji kuangalia?"

"Nimechoka."

"Siku nzima unauliza bado, bado. Sasa tayari. Na wenzako wanasema umeshinda. Mtu aliyeshinda huangalia ushindi wake, hata kama miguu inamuuma."

Inspekta aliinuka kwenye stuli, akachukua bahasha iliyopondeka, akampa Mama Seli.

"Fungua wewe. Soma kwa sauti yako yote."

Mama Seli alichana bahasha. Alisoma kimya, midomo ikitembea, akasoma tena.

"Soma, Mama," alisema Koplo.

"Duara, mpya ya kiwandani." Alimtazama Fundi. "Nyota... nyota, ya sungura."

Koplo alivua kofia bila kujua amevua. Fundi aliitazama picha, akaitazama karatasi, akarudi kwenye picha, na kile kilichomjia usoni hakikuwa furaha ya mtu aliyeokoka. Kilikuwa kitu kibaya zaidi.

"Mpya ni nzima," alisema. "Mpya ndiyo inayosema kweli. Mkwanguzi hapungui. Dawa haimpunguzi, haijawahi kumpunguza." Alishika ukingo wa meza. "Tumekuwa tunapima nini miaka yote hii? Ule mstari nilioupiga picha kila wiki ni wa nini?"

"Hakuna anayejua," alisema Mama Seli. "Protini nyingine tu, yenye uzito kama wake. Mungu wangu. Na wale wagonjwa..." Hapo akanyamaza, kama mtu aliyejikwaa. Alimgeukia Profesa polepole. "Lakini Profesa. Seli hizi si nilikupa? Mwaka juzi. Ulipanda ngazi mwenyewe na ndoo yako ya barafu, nikakutania kwamba umetumwa sokoni."

"Asubuhi aliniambia hajawahi kuwa nazo," alisema Inspekta.

Profesa alivua koti. Alilikunja, mikono ndani, akaliweka magotini. Bila koti lile alionekana baba wa mtu tu, shati limelowa jasho mgongoni.

"Nilizijaribu Jumapili, nikiwa peke yangu," alisema. "Mstari ukatokea mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nikadhani nimekosea. Nikarudia. Ukatokea tena."

"Kisha?"

"Kisha nikasafisha meza."

Fundi alikuwa amesogea mpaka mbele yake. Koplo alitaka kumzuia. Inspekta akamzuia Koplo.

"Shemeji, ulijua?"

Profesa alilibana koti magotini.

"Nilipoweka ile picha ukutani, ulijua kwamba ni sahihi?"

"Kila mtu alikuwa ameshaiona," alisema Profesa. "Wangeanza kuuliza ipi ni mbovu, mpya au ya zamani. Nikisema ni wewe, ni kosa la mtu mmoja, litasahaulika. Nikisema ni sungura, ni maisha yangu yote. Nilifikiri utapewa onyo tu. Sikufikiri watakuweka ndani."

"Ulikuja kituoni kunitazama."

"Nilikuja."

"Ukaniletea sabuni, ukaniambia niwe na moyo. Ukijua."

Fundi alikuwa hajapaza sauti hata kidogo. Mama Seli ndiye aliyekuwa analia.

Inspekta alichukua muda wake, kama kawaida. Aliitazama picha tena, mstari mmoja na ule mwingine, akamwambia Fundi atoe nakala mbili, na Mama Seli atie sahihi nyuma ya kila moja. Kisha akamwendea Profesa.

"Kesho hakimu atasubiri mtu," alisema. "Sitaki asubiri bure. Utakuja nami kueleza ulivyotoa taarifa ya uongo, na simu ya kusimamisha wale wagonjwa utaipiga sasa hivi, mbele yangu. Simama, Profesa. Hapana, koti liache. Hilo ni la kazini."

Profesa aliipiga simu ile. Aliyepokea hakumwelewa, ikabidi aseme mara mbili kwamba dawa isianze. Koplo alimshika mkono wakatoka, taratibu, kama mtu anayemvusha mgonjwa barabara.

Ndipo Inspekta alipomgeukia Fundi. Alikuwa bado na glavu mikononi. Alikuwa ameanza kukusanya vichupa, anavipanga kwenye barafu kwa mazoea, kana kwamba kesho itakuwa siku kama nyingine.

"Acha hivyo, mwanangu," alisema Inspekta. "Uko huru. Nenda nyumbani ukaoge, ukalale."

Fundi alivua glavu, moja, halafu ya pili. Alizitazama kama hajui zinatupwa wapi.

"Nyumbani wapi, Afande? Mimi nakaa kwa shemeji." Alizikunja glavu kiganjani. "Dada ndiye atakayenifungulia mlango. Atapiga vigelegele, atanikumbatia. Halafu atachungulia nyuma yangu, amtafute mumewe."